Bangkok au Chiang Mai? Kwa anayetaka kukaa Thailand, si kupita tu

Wanaoniandikia kutoka Dar, Mombasa na hata Muscat huanza na swali lile lile: "Si nasikia Chiang Mai ni rahisi kuliko Bangkok?" Ndiyo, ni rahisi. Lakini nimeishi Bangkok miaka minne na Chiang Mai miwili, na bei siyo iliyonihamisha wala siyo iliyonirudisha. Kabla ya bei mimi nitakuuliza mambo mawili: hela yako inatoka wapi, na mwezi wa tatu utakuwa wapi?

Nianze na hili la pili, maana ndilo watu hawaambiwi.

Mwezi wa tatu

Chiang Mai imekaa bondeni, milima imeizunguka. Kuanzia Februari hadi Aprili, mvua ikiwa imeshakatika, wakulima huchoma mabua ya mahindi na kusafisha mashamba ya milimani kwa moto, misitu nayo huwaka, na moshi mwingine huvuka mpaka kutoka Myanmar na Laos. Ukishaingia bondeni hauna pa kutokea. Unatuama kama moshi wa kuni kwenye jiko lisilo na dirisha. Doi Suthep, mlima ulio kichwani mwa mji kabisa, unatoweka, nalo jua linakuwa duara jekundu ambalo unaweza kulikodolea macho saa tisa alasiri. Zipo siku za Machi ambapo mji huu mdogo huongoza orodha ya miji yenye hewa chafu duniani, mbele ya Delhi na Lahore.

Mimi sikuyajua hayo. Nilifika Novemba, wakati wa taa za sikukuu ya Loy Krathong, usiku wa kuvaa sweta, watu wanatembea wakicheka kando ya handaki la maji linalozunguka mji wa kale. Nikasaini mkataba wa mwaka mzima siku ya tatu, nyumba ya mbao yenye bustani na mwembe. Nyumba ya mbao ina nyufa. Machi ilipofika nilinunua mashine ya kusafisha hewa, nikabandika karatasi za gundi kwenye madirisha, na bado asubuhi nikiamka mto unanuka kama samaki wa kukaushwa. Wiki ya tatu nilipanda treni kwenda kulala sebuleni kwa rafiki yangu Bangkok, huku nalipa kodi ya nyumba ambayo ndani yake alikuwa analala mjusi peke yake.

Bangkok nayo haina hewa ya Lushoto. Vumbi lake laini hukithiri Desemba hadi Februari. Januari 2025 mamia ya shule zilifungwa na serikali ikafanya treni na mabasi kuwa bure kwa wiki moja ili watu waache magari. Tofauti ni kwamba Bangkok hewa huharibika siku kadhaa kisha ikatulia, wakati Chiang Mai inaweza kubaki hivyo wiki sita. Kwa mtu mzima mwenye mapafu mazima ni kero. Kwa mwenye pumu au mtoto mchanga, kwangu mimi mjadala umekwisha: Bangkok, au Chiang Mai ya miezi tisa tu.

Hela inatoka wapi

Kama hela inatoka nje, mshahara unaingia kwenye akaunti yako kutoka kampuni ya Nairobi au Toronto na wewe unafanya kazi kwenye kompyuta, miji yote miwili iko wazi kwako na Chiang Mai itakupa maisha mapana zaidi kwa hela ile ile. Tangu Julai 2024 kuna viza iitwayo DTV iliyotengenezwa kwa watu wa namna hii: inadumu miaka mitano, kila ukiingia unapewa siku 180, ada kwa kawaida ni baht 10,000. Kikwazo ni akiba. Wanataka uonyeshe baht 500,000 benki, na kwa kuwa baht moja ni kama shilingi 4 za Kenya au 75 hivi za Tanzania, piga hesabu mwenyewe. Wala viza hiyo haikuruhusu kuajiriwa na Mthai.

Kama hela unaitafuta hapo hapo, nenda Bangkok. Sioni hata cha kulinganisha.

Ualimu wa Kiingereza ndio mlango ambao wengi wetu hupitia. Chiang Mai imejaa Wamarekani na Waingereza wanaotaka kuishi huko kwa gharama yoyote, kwa hiyo shule zinachagua na mshahara unashuka: baht 25,000 hadi 30,000 kwa mwezi ni jambo la kawaida. Bangkok na viunga vyake, Nonthaburi, Samut Prakan, Pathum Thani, shule ni nyingi na walimu hawatoshi. Mkenya, Mganda au Mtanzania mwenye shahada na matokeo mazuri ya mtihani wa TOEIC (kwa kuwa pasipoti zetu hazihesabiwi za "wenye lugha") hupata kazi, ingawa atatuma maombi mengi kuliko mzungu asiye na uzoefu wowote. Siwezi kulipaka sukari hilo.

Na hapa kuna mtego unaofanana miji yote miwili. Shule inakwambia anza kazi, makaratasi yatafuata. Kisheria unahitaji viza ya kazi na kibali cha kazi, vyote viwili, na akija mkaguzi, anayefukuzwa nchini ni wewe. Mimi mwenyewe nilifundisha miezi miwili kwenye shule moja kwa ahadi hiyo. Kibali hakikuja, mshahara wa mwezi wa pili haukuja, na sikuwa na pa kushtaki kwa sababu kwa kushtaki ningekuwa najishtaki.

Biashara ya nguo, ile iliyofanya "nguo za Bangkok" kuwa sifa Kariakoo na Eastleigh, bado iko Pratunam, mtaa wa maduka ya nguo wa Bangkok, hata kama wengi wamehamia Guangzhou. Mawe ya thamani ni Bangkok vilevile. Wathai ndio waliokwenda Tunduru miaka ya 1990 kununua yakuti, na mtu mwenye spineli ya Mahenge au tsavoraiti atajikuta kwenye ofisi ndogo za barabara ya Mahesak, karibu na Silom, na mwisho wa wiki kwenye soko la Chanthaburi, kilomita kama 250 mashariki ya Bangkok, ambako mnunuzi hukaa mezani na wauzaji ndio wanaompitia. Chiang Mai haina nafasi katika safari hiyo.

Kabla hujapanga kujiajiri, jua kwamba sheria ya Thailand imezitenga kazi kadhaa kwa raia tu. Kusuka na kutengeneza nywele ni mojawapo. Kutembeza bidhaa barabarani, kuongoza watalii, hata kukata na kung'arisha mawe ya thamani, vyote vimo. Dada zetu wanaosuka vyumbani maeneo ya Nana, Bangkok, wanalijua hilo, na ndiyo maana mlango haufunguliwi kwa anayebisha bila kupiga simu.

Nyumba na mwenye nyumba

Hizi ndizo bei nilizozizoea, kwa baht:

| | Bangkok | Chiang Mai |
|---|---|---|
| Chumba chenye kiyoyozi na bafu, kwa mwezi | 9,000–15,000 maeneo kama On Nut, karibu na treni | 5,000–10,000 maeneo kama Santitham. Nimman ni juu zaidi |
| Sahani ya wali ya kibandani | 50–70 | 40–60 |
| Kuzunguka mjini | treni ya juu kuanzia 17. Mita ya teksi huanzia 35 | gari jekundu la abiria 30. Pikipiki ya kukodi 2,500–3,500 kwa mwezi |

Jedwali halikuonyeshi umeme, nao ndio unaoumiza. Muulize mwenye nyumba swali hili kabla ya kuuliza lingine lolote: umeme ni bei ya serikali au bei ya jengo? Ya serikali ni kama baht 4 kwa yuniti. Majengo mengi ya vyumba vya bei nafuu hutoza 7 au 8. Bangkok, ambako joto la usiku halishuki na kiyoyozi kinanguruma mwaka mzima, chumba cha 7,000 chenye umeme wa 8 kinaweza kukugharimu kuliko cha 9,000 chenye umeme wa 4. Chiang Mai, Novemba hadi Januari, unalala na feni imezimwa.

Kwa kawaida dhamana ni kodi ya miezi miwili na unalipa mwezi mmoja mbele. Piga picha kila mkwaruzo siku unapoingia. Kisha kuna fomu ya TM30: mwenye nyumba anatakiwa kuwaarifu Uhamiaji ndani ya saa 24 kwamba mgeni amelala kwake. Asipofanya hivyo, utakayekwama siku ya kuongeza viza ni wewe. Kwa uzoefu wangu wenye majengo wa Bangkok wanaijua fomu hii kama wanavyolijua jina lao. Chiang Mai, kwenye nyumba za watu binafsi, inabidi uwaombe, na wengine hawataki kwa sababu kodi yako hawaitangazi kwa watu wa mapato.

Ofisi yenyewe ya Uhamiaji, kwa Bangkok, iko Chaeng Watthana, mbali kaskazini ya jiji, safari ya kukupotezea siku mpaka treni ya mstari wa waridi ilipofunguliwa na kuweka kituo pale. Ya Chiang Mai iko karibu na uwanja wa ndege, dakika 15 kutoka popote. Kila siku 90 lazima uripoti anwani yako, siku hizi hata kwa intaneti. Ukizidisha siku za viza ni baht 500 kila siku hadi 20,000, na ukizidisha zaidi ya siku 90 unafungiwa kurudi nchini. Nawajua watu waliopoteza miaka kwa sababu ya wiki chache.

Barabarani

Wathai wanaendesha kushoto kama sisi, basi macho yako hayatapata tabu kuvuka. Bolt ile ile ya Dar na Nairobi inafanya kazi, na bodaboda wa Bangkok wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, wamekaa kijiweni mwanzo wa uchochoro wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Nilipowaona mara ya kwanza nilicheka peke yangu.

Bangkok bila treni haiishiki. Treni ya juu imeanza 1999, ya chini ya ardhi 2004, na sasa mistari imefika mbali. Kanuni yangu ni kwamba chumba kiwe mwendo wa miguu wa dakika kumi kutoka kituoni au nisikipange kabisa, hata kiwe bure. Kuna pia boti za mfereji wa Saen Saep, zinazopita katikati ya jiji kwa nauli ya kikombe cha chai, na maji yake hutakiwi kuyaonja.

Chiang Mai hakuna treni ya mjini. Kuna magari mekundu, kifaa cha kati ya daladala na pikapu: unasimamisha, unamwambia dereva unakokwenda, akikubali unapanda nyuma. Akikataa hana kinyongo, haendi upande huo. Baada ya saa mbili usiku yanapungua, na ndipo kila mgeni hununua au hukodi pikipiki. Hapa nisikilize vizuri. Leseni ya gari pekee haitoshi. Unatakiwa uwe na leseni ya pikipiki na kibali cha kimataifa kinachoitaja pikipiki. Polisi hukaa kando ya handaki la mji wa kale wakiwasubiri wageni, na faini yao si tatizo kubwa. Tatizo ni bima ya afya: ukianguka bila leseni sahihi, kampuni ina haki ya kukataa kulipa, na mguu uliovunjika katika hospitali binafsi ni gharama ya kiwanja. Hospitali zenyewe ni nzuri kwote, ila kwa ugonjwa mzito madaktari bingwa wengi wako Bangkok.

Chakula, msikiti, na kuwa Mwafrika

Muislamu ataishi miji yote miwili bila shida, lakini kwa namna mbili tofauti. Bangkok ina misikiti mingi na uchochoro mzima wa Waarabu kule barabara ya Sukhumvit, Soi 3/1, pilau na mishikaki hadi usiku wa manane. Jirani yake kuna migahawa ya Kiafrika, ya Wanigeria na Waethiopia zaidi. Chiang Mai ina mtaa mdogo kando ya soko la usiku, pembeni ya msikiti wa Ban Ho, wa Waislamu wenye asili ya Yunnan ambao wazee wao walikuja na misafara ya nyumbu. Ijumaa asubuhi kuna gulio lao. Hapo utakula khao soi, tambi kwenye mchuzi mzito wa tui la nazi na bizari, ambayo mtu wa Pwani ataielewa kwa kijiko cha kwanza. Kwenye vibanda vingine kote nchini jifunze kusema "mai ao muu", sitaki nguruwe, na ujue kwamba hata mboga inaweza kukaangwa kwa mafuta yake. Tafuta alama ya halali. Unga wa sembe, Chiang Mai sijawahi kuuona dukani. Wangu hupanda basi kutoka Bangkok.

Kuhusu rangi. Bangkok imeshazoea Waafrika, na mazoea hayo yana pande mbili. Utapata watu wa kwenu, utapata wa kukukopesha na wa kukuzika. Lakini maeneo ya Nana polisi humsimamisha Mwafrika kuliko mgeni mwingine. Mwaka 2017 na 2018 palikuwa na misako mikubwa, na tabia haikuisha yote. Tembea na nakala ya pasipoti na ukurasa wa viza, jibu kwa upole, usipandishe sauti. Thailand anayepandisha sauti ameshashindwa, hata akiwa na haki. Namba ya polisi wa watalii ni 1155, nao wana wanaozungumza Kiingereza.

Chiang Mai wewe ni kioja. Watoto wanakutazama, bibi sokoni anakugusa mkono aone kama rangi inatoka, halafu anakuongezea embe moja. Sikuwahi kusimamishwa na polisi kwa sura yangu. Niliwahi kuambiwa chumba kimeshachukuliwa, na kesho yake tangazo bado liko mlangoni. Waswahili mjini mle nilikutana nao wanne kwa miaka miwili. Kama wewe ni mtu wa vijiwe, misiba na harusi, upweke wa Chiang Mai utakumaliza kabla ya moshi.

Mafuriko sitayapigia kelele: Bangkok ilizama 2011, Chiang Mai ilizama Oktoba 2024 mto Ping ulipovunja rekodi yake. Usipange ghorofa ya chini mahali popote karibu na maji.

Ukishafika uwanjani

Haya hayabadiliki kwa mji. Viza siku hizi huombwa kwa intaneti. Fomu ya kidijitali ya kuingia nchini, TDAC, ijazwe ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni ya bure, basi anayekutoza anakuibia. Na kadi ya manjano: Thailand inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa wanaotoka Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Uwanjani kabla ya foleni ya Uhamiaji kuna dawati la afya. Pita hapo kwanza upigwe muhuri, la sivyo utapanga foleni ya saa nzima kisha urudishwe nyuma.

Mimi ningefanyaje

Ningeshukia Bangkok, nipange kwa mwezi mwezi On Nut au Bang Na, nitafute kazi na makaratasi. Chiang Mai ningeipanda Novemba kwa treni ya usiku, mwendo wa saa 11 hadi 13, kilomita 750 hivi, niikae hadi mwisho wa Januari nione kama moyo unatulia. Mwenye pensheni au mshahara wa nje aanze Chiang Mai moja kwa moja, ila asisaini mwaka mpaka Machi moja iwe imempitia kifuani. Mwenye watoto wa kwenda shule ya Kiingereza atapata ada ya chini zaidi Chiang Mai, lakini moshi ule ule utakuwa unawasubiri uwanjani mwa shule.

Siku hizi nafanya hivyo hivyo: Bangkok miezi tisa, Chiang Mai mitatu ya baridi, kwa mama yule yule wa nyumba ya mbao tunayemwita Pa, yaani shangazi. Mashine yangu ya hewa nilimwachia. Mwanzoni aliifunika kitambaa na kuweka chombo cha maua juu yake. Mwaka jana nilipompigia simu mwezi wa Machi nilisikia ikinguruma nyuma ya sauti yake, akaniambia mjukuu amekuja kulala.